Ombi langu la marekebisho limefungwa na roboti bila binadamu hata mmoja kulisoma

Wanajamvi, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nitaeleza mambo yalivyotokea.

Natengeneza programu hapa Mwanza, na wateja wangu wengi ni wauzaji wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Programu yao ya mauzo inategemea maktaba moja huria (msimbo wa bure ambao yeyote anaweza kuutumia na kupendekeza marekebisho) ambayo sitaitaja. Mwezi wa tatu mama mmoja alinipigia simu akilalamika kwamba magunia 14 yaliyotoka Ukerewe yalisomeka 28. Kijana wake aliyasajili akiwa kwenye kivuko, mtandao ukakatika kabla jibu la seva halijarudi, na simu iliponasa mawimbi tena maktaba ile ikatuma taarifa ileile kana kwamba ni mpya.

Nilirekebisha kosa hilo kwa mistari 41 ya msimbo: kila taarifa ipewe namba yake ya pekee, ihifadhiwe kwenye simu kabla ya kutumwa, ili seva ikiipokea mara ya pili iitambue na kuiacha. Nilisoma mwongozo wa wachangiaji, nikaripoti kosa kwanza, kisha nikatuma ombi kwa wenye mradi waingize marekebisho yangu, nikaambatanisha majaribio mawili ya kuthibitisha kwamba yanafanya kazi, na ukaguzi wote wa kiotomatiki ukapita. Baada ya wiki tatu za ukimya niliuliza mara moja tu, kwa adabu. Siku 60 baadaye roboti ya mradi ikalibandika ombi langu alama ya kuchakaa, yaani limekaa muda mrefu bila kuguswa, na wiki iliyofuata ikalifunga.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba muda mfupi baadaye mmoja wa wenye mradi alirekebisha kosa lilelile, akafungua ombi asubuhi na likaingizwa kwenye mradi jioni yake. Ametaja namba ya ripoti yangu, maana yake aliifungua, na kiungo cha ombi langu kipo papo hapo chini yake. Nimeendesha majaribio yangu juu ya kazi yake: la kwanza linapita, la pili, la simu inayoisha chaji kabla jibu halijarudi, linaanguka.

Najua wengi wao wanajitolea bila malipo, na mkasa wa 2024 wa xz, programu huria ya kubana mafaili ambayo msimamizi wake alishinikizwa hadi akamkaribisha mtu aliyepenyeza mlango wa siri, ulituonesha hatari ya kumsukuma msimamizi mmoja aliyechoka, ndiyo maana sikumsumbua mtu. Lakini mwongozo wa wachangiaji wa Linux, mfumo endeshi huria na mradi mkubwa kuliko huu mara nyingi, unamwambia mchangiaji atarajie maoni ndani ya wiki mbili au tatu, asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na ipo hadi programu ndogo ya kumtajia msimamizi wa kumtumia marekebisho yake. Sikudai kukubaliwa. Neno "hapana" pamoja na sababu yake lingenitosha.

Juzi nimefungua ombi jipya lenye lile jaribio la pili peke yake, na hadi sasa hakuna aliyeligusa. Aliyewahi kupenya kwenye mradi usio na mwenyeji wake hata mmoja ukanda huu, naomba anieleze alimfikiaje msimamizi.