Mdogo wangu anakaribia kutoka gerezani akiwa na ufundi wa viatu: tumwandalieje kazi?

Mama wa Pasua (Moshi)
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume anamaliza kifungo baada ya miezi minne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo amefanya kazi katika karakana ya viatu. Anasema kazi imemkaa mkononi, wala hana hamu ya kurudi kwenye udalali uliomponza. Hata hivyo hana karatasi yoyote inayoonyesha anachokijua, na kila fundi ninayemgusia habari zake hapa mjini hunijibu kwa adabu, kisha akabadilisha mazungumzo. Je, anaweza kupata cheti bila kuanza chuo upya? Na sisi nyumbani tutangulize lipi?

Askari Mstaafu
Pole na majukumu, dada. Cheti kinawezekana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mhusika huhojiwa, hupewa kazi aifanye mbele ya watathmini, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Nenda chuo chao cha Moshi ukaulize ni lini wanapokea maombi ya fani ya ngozi na viatu, maana si kila fani hutathminiwa kila wakati. Tarehe ya kutoka nayo si fumbo, kwa kuwa msamaha wa theluthi moja ya kifungo huhesabiwa mapema, isipokuwa aupoteze kwa utovu wa nidhamu. Kwa hiyo anzeni sasa kutafuta namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa, ambaye barua yake ya utambulisho itahitajika karibu kila mahali.

Fundi wa Majengo
Dada yangu, mimi ni mmoja wa hao mafundi viatu wa hapa Moshi wanaobadilisha mazungumzo, kwa hiyo niruhusu niseme kinachotusumbua, ambacho si jela peke yake. Moshi imezoea viatu vya magereza. Gereza la Karanga wanashona tangu miaka ya 1970, na siku hizi kipo kiwanda kikubwa cha ngozi ambacho Jeshi la Magereza wamekijenga kwa ubia na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Hatuna wasiwasi na ubora. Shida ni kwamba palipo na watu wengi kazi hugawanywa: huyu anakata ngozi, yule anashona, mwingine anapaka gundi na kubandika soli. Mtu anaweza kukaa miaka mitatu kwenye soli akawa hodari kweli, lakini kwenye kibanda changu mteja huja na sendo iliyokatika mkanda, au hutaka kiatu cha shule cha mtoto mwenye mguu mpana, na fundi ndiye apime, achore, akate, ashone na amalize. Ngozi ikikatwa vibaya, hasara ni yangu. Muulize alikuwa anakaa hatua gani. Kama bado ana miezi minne, aombe kuhamishiwa kwenye ukataji, hata kwa wiki chache.

Seremala wa Unga Limited (Arusha)
Nami nilitoka na useremala. Ndani nilitumia randa ya mkono, na siku ya kwanza mtaani nilipopewa randa ya umeme niliharibu ubao wa mninga, bosi akanitazama bila kusema neno. Nilikuwa nimeshamweleza nilikotoka, na naamini ndiyo sababu hakunifukuza; asingenisamehe kama angelisikia kwa watu. Mdogo wako asifiche. Kuhusu mtaji, ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, hupitia vikundi, na kikundi hakimpokei mtu waliyemfahamu jana. Mnunulieni kwanza kisu, nyundo, sindano na uzi.

Mama wa Pasua (Moshi)
Asanteni sana, kaka zangu. Jumapili nilikwenda kumwona nikamuuliza kama fundi alivyoelekeza. Alicheka kidogo, akanionyesha vidole vyenye gundi iliyokauka kwenye kucha: ni soli tu, miaka miwili na nusu, na kukata ngozi amekuwa akiwatazama tu wenzake wakifanya. Ameahidi kuomba kuhamishwa. Fundi wa Majengo, akija kwako na vifaa vyake mwenyewe, utakubali aanze kwa kubandika soli huku akijifunza kukata kwenye vipande unavyovitupa?

Fundi wa Majengo
Mlete. Vipande vipo gunia zima.