Mtu anakataje "One" PALE PALE bunduki inapoanza?

Mzee wa Distosheni:
Wakuu, jina sitaji, mnamjua. Yule mtangazaji wa redio wa usiku, anayejiita mtaalamu wa roki na sauti yake ya kubana pua. Leo kaweka "One" ya bendi ya Metallica, kaitambulisha kuwa "wimbo laini wa mapenzi". Hilo tumsamehe, ulimi hauna mfupa. Lakini KAIKATA! Dakika ya nne na kitu, gitaa zimeshapanda, mpiga ngoma Lars Ulrich kakanyaga pedali zote mbili, ta-ta-ta-ta-ta-ta, na PALE PALE jamaa kashusha sauti kaingiza tangazo la godoro. Godoro!

Wimbo una dakika saba na ushee. Nusu ya kwanza yote ni matayarisho: milio ya vita, gitaa safi la taratibu linalotoka kordi ya Bm kwenda G, James Hetfield anaimba kwa upole. Yote hayo yapo ili ufike pale ngoma za miguu na gitaa lililozibwa kwa kiganja zinapogonga kwa pamoja, fungu kwa fungu, kuigiza bunduki ya rashasha. Baada ya hapo ndipo askari anasema kilichompata: bomu la ardhini limeondoka na macho, kauli, masikio, mikono na miguu. Ukikata kabla, msikilizaji anabaki anadhani kuna mtu kashindwa kuamka asubuhi. Na godoro anauziwa humo humo.

Kisa kimetoka kwenye Johnny Got His Gun, riwaya ya Dalton Trumbo ya 1939. Joe Bonham, askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kabaki kiwiliwili na akili timamu, anaongea kwa kugonga kichwa kwenye mto kwa alama za Morse. Trumbo mwenyewe aliongoza filamu yake, ikatoka 1971, na Metallica wakanunua haki za filamu hiyo ili vipande vyake viingie kwenye video. Tena video yao ya kwanza kabisa, Januari 1989. Albamu tatu nzima walikuwa hawatoi video, wakaja kukubali kwa wimbo huu, halafu mtu anaweka godoro.

Una dakika nne tu? Weka wimbo wao mwingine, "Motorbreath", dakika tatu na sekunde kidogo, imeisha, godoro lako limepata nafasi. Ni lazima iwe "One"? Ruka milio ya vita ya mwanzo, nitanuna ila nitanyamaza. Dakika ya nne USIGUSE. Nataka huyu mtu apelekwe The Hague.

Fundi Pawa:
Povu lote hili kwa tangazo. Redio inalipwa na godoro mkuu, hailipwi na Lars.

Binti Kigamboni:
Nimekaa paleee na karanga zangu. Swali la kitaalamu: kakata kabla ya ta-ta-ta au katikati?

Mzee wa Distosheni:
KATIKATI! Ta-ta-ta, godoro!

Binti Kigamboni:
Hahahaha, hiyo remix inatoka lini?

Msukuma Besi:
Mnalilia sekunde za ta-ta-ta, wakati mpiga besi wao Jason Newsted kaibiwa albamu nzima. Chukua ...And Justice for All ya 1988, yenye hiyo "One", nitafutie besi. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti, alishasema Lars alimwambia ashushe besi mpaka isikike kwa shida, akimaliza ashushe tena desibeli 5. Juu ya hapo, Newsted anafuata gitaa noti kwa noti, na gitaa zimekatwa sauti za kati zikajazwa za chini, yaani zimemkalia mwenzao kichwani. Ndiyo maana ukipandisha sauti nene za 80 Hz kwenye ikwalaiza unaongeza gitaa na ngoma, besi hata haistuki. Toleo lililosafishwa la 2018 nalo wameliacha vile vile.

Fundi Pawa:
Newsted alikuwa mgeni. Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia, kafa na ajali ya basi kule Sweden Septemba 1986, wenzake hasira zote wakamshushia aliyekuja kujaza nafasi.

Msukuma Besi:
Msiba usingizie desibeli?

Shahidi wa Grammy:
Ninyi wote hamjui dhuluma. 1989 tuzo za muziki za Grammy wanafungua kipengele cha roki ngumu na metali kwa mara ya kwanza. Metallica wanapanda jukwaani wanapiga "One" hiyo hiyo. Bahasha inafunguliwa: Jethro Tull, bendi ya filimbi. FILIMBI! Jethro Tull wenyewe hawakuwepo ukumbini, walishaambiwa hawatashinda. Mwaka uliofuata metali ikapewa kipengele chake peke yake, "One" ikashinda. 1992 Lars kapokea nyingine, akawashukuru Jethro Tull kwa kutotoa albamu mwaka ule.

Mzee wa Distosheni:
Wakuu turudi kwenye mada. Alikata PALE PALE.

Binti Kigamboni:
Mzee nenda kalale, godoro si umeshatangaziwa.

Kijana wa 2003:
Grammy, besi, godoro, yote madogo. Kuna aliyeivumilia albamu yao ya St. Anger hadi mwisho? Lars kalegeza waya za chini za ngoma ya sneya, akaacha ngozi ilie yenyewe. Kila pigo linalia kama debe. Ukizima zile waya mlio unabaki unaning'inia, na kwa spidi ile pigo la kwanza halijaisha la pili limeshafika.

Msukuma Besi:
Na besi kapiga prodyuza, Bob Rock, maana Newsted aliondoka 2001. Inasikika vizuri tu. Ya prodyuza inasikika!

Shahidi wa Grammy:
Wimbo wenyewe wa "St. Anger" ulipewa Grammy.

Kijana wa 2003:
Nyamaza wewe. Albamu nzima mpiga gitaa Kirk Hammett hana solo hata moja.

Fundi Pawa:
Hilo ndilo zuri lake pekee.

Kijana wa 2003:
Mods, huyu bado mnamwangalia tu?