Seti ya roboti kwa mtoto wa miaka 9: ninunue, au nitafute timu kwanza?

Habari zenu ndugu,

Kijana wangu ana miaka 9. Tangu aone roboti za kuunganisha vipande shuleni, hana habari nyingine. Kuna timu ya mashindano pale, ila fomu yake imejaa maneno nisiyoyaelewa na kazi zangu ni za zamu. Nafikiria nimnunulie seti achezee nyumbani, basi. Wenye uzoefu naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Mama wa watatu

---

Dada, salaam.

Usinunue kwanza. Sisi tulinunua. Watoto wakaunda gari la kwenye kijitabu, likaenda mbele, likarudi nyuma, na baada ya wiki mbili vipande vilikuwa uvunguni mwa kitanda. Kilichowarudisha ni timu: wenzao wanaowategemea, na tarehe isiyosogezwa.

Uliza shuleni ni mashindano gani, maana hayafanani. Wanangu walianzia mashindano yanayoitwa FIRST LEGO League. Roboti hupewa dakika 2 na nusu kufanya kazi mezani yenyewe, bila rimoti, lakini mezani si mwisho: majaji huwaita watoto wawaeleze walivyoiunda, mradi waliofanyia utafiti, na walivyoshirikiana. Katika VEX IQ, mashindano mengine, kuna mchezo wa sekunde 60 ambapo roboti mbili za timu tofauti zinacheza pamoja na kugawana alama zilezile, hivyo mtoto hulazimika kupanga mbinu na watu aliokutana nao dakika chache zilizopita. World Robot Olympiad, iliyoanza 2004, ina timu ndogo za watoto 2 au 3, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho. Roboti yao ilitakiwa iende sentimeta 88, igeuke, isukume mkono wa kifaa. Gurudumu lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 5.6, kwa hiyo mzunguko mmoja ni karibu sentimeta 17.6, wakapiga hesabu, mizunguko 5. Jumamosi ilifika kila mara. Jumatano ikawa inaukosa mkono kwa upana wa vidole viwili. Wakabadilisha namba, ikazidi kuharibika. Binti mmoja mkimya akainama mpaka shavu likagusa meza, akawaambia waiwashe tena. Akaona gurudumu la kulia linateleza kabla ya kushika. Wakalifuta kwa kitambaa kibichi, likatoka vumbi jeusi. Wakapunguza kasi ya kuondokea, kisha wakaifundisha roboti iegemee kwanza ukuta wa meza ili ianze ikiwa imenyooka. Saa nzima ilikwisha kwa hilo, na kocha alikaa amefunga mikono nyuma. Yule kocha namheshimu mpaka leo.

Mimi sikuwa na uvumilivu huo. Usiku mmoja, watoto wamelala, nilifungua programu yao nikairekebisha. Siku ya mashindano jaji akamwuliza mwanangu kwa nini roboti inasubiri nusu sekunde kabla ya kugeuka. Hakujua, kwa sababu mstari ule niliuweka mimi. Ndani ya gari alinyamaza njia nzima, kisha akaniambia, "Baba, ungeniacha ikosee." Tangu siku hiyo sijagusa.

Kuhusu zamu, mweleze kocha wazi siku unazoweza na usizoweza. Timu inahitaji watu wa kubeba watoto, kupanga vipande na kutazama muda. Hakuna anayekutaka ujue mota wala vihisio vya roboti.

Baba wa mapacha

---

Kaka, asante sana, umenipa picha. Ila kuna lugha. Hatujamaliza mwaka huku ugenini na kijana bado anababaika mbele ya watu. Akisimama kwa majaji si atanyamaza?

Mama wa watatu

---

Naomba nichangie, mimi ni mwalimu na nimewahi kuwa kocha.

Dada, mazungumzo na majaji hufanyiwa mazoezi mara nyingi, na watoto hugawana sehemu. Mwombe kocha ampe sehemu aliyoiunda kwa mikono yake, maana mtoto akishika kitu chake maneno humjia. Kabla ya hapo aeleze kwa Kiswahili: ampigie bibi simu amwambie roboti inafanya nini na kwa nini. Bibi atauliza maswali magumu kuliko jaji. Akishaielewa kwa lugha ya nyumbani, kilichobaki ni msamiati.

Na wakati unasubiri nafasi kwenye timu, fungua Scratch kwenye intaneti, mtoto hujifunza kutunga programu kwa kuunganisha bloku za maagizo. Ni bure, ilitoka MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Bloku zake zinafanana sana na zile wanazotumia kuendesha roboti za LEGO, kwa hiyo hapotezi muda. Wadogo zake nao wataweza kukaa pembeni yake wakasoma.

Ukifika wakati wa kununua, seti iliyotumika haina ubaya, lakini chunguza. LEGO iliacha kutengeneza Mindstorms, seti zake za roboti, mwishoni mwa 2022, na bado zinauzwa mikononi. Hakikisha programu yake inaingia kwenye kompyuta mliyo nayo, betri inashika chaji, na kila waya upo. Mwombe muuzaji aiwashe na kuzungusha mota zote mbele yako. Vipande vya plastiki vikipungua si tatizo, hivyo vinapatikana.

Fomu ipige picha uniletee pembeni, nitakusomea mstari kwa mstari. Wahi, nafasi hujaa mapema.

Mwalimu