Kifua kikuu cha mgongo: kupasuliwa kwa mbele au kwa nyuma?

Swali
Ndugu madaktari, habari zenu. Dada yangu amegundulika kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho kimekula pingili ya nane na ya tisa za kifua. Ameanza dawa, lakini miguu inazidi kukosa nguvu. Daktari mmoja anapendekeza upasuaji wa kupitia kifuani, mwingine kupitia mgongoni na kufunga skrubu. Naomba kueleweshwa kabla hatujatia sahihi.

Jibu la kwanza
Pole kwa kuuguliwa. Ugonjwa huu kwa kawaida hukaa upande wa mbele wa pingili, ndiyo maana njia ya mbele, waliyoieleza Hodgson na Stock huko Hong Kong mwaka 1956, ilipata wafuasi wengi: usaha na mfupa uliooza huondolewa moja kwa moja, kisha pengo huzibwa kwa kipande cha mfupa, mara nyingi cha ubavu. Ubaya wake ni kwamba kifua hufunguliwa na pafu husogezwa, jambo ambalo mgonjwa mwenye mapafu dhaifu hulistahimili kwa shida.

Jibu la pili
Naongezea kwamba njia ya nyuma si moja. Kuondoa tao la nyuma la pingili peke yake, wakati mbele kumekwisha kubomoka, huulegeza mgongo zaidi, kibiongo kikaongezeka na kupooza kukazidi. Kwa hiyo ulizeni kama daktari ataondoa kichwa cha ubavu ili aufikie uchafu kwa ubavuni, na kama skrubu zitafungwa juu na chini ya pingili zilizoharibika. Kupita ubavuni ni muhimu kwa sababu kiunoni, ambako zimebaki nyuzi za neva tu, nyuzi hizo huweza kusogezwa taratibu ili kuufikia uchafu ulio mbele. Lakini kifuani ugwe wa neva, yaani kamba kuu ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, hauvutwi hata kidogo.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Picha inaonyesha kovu kubwa kwenye pafu la kulia, na kibiongo kimeanza.

Jibu la pili
Kwa hali hiyo ningeegemea njia ya nyuma, maana pafu halitaguswa na kibiongo kitanyooshwa humo humo, ingawa uzoefu wa daktari atakayeshika kisu una uzito mkubwa kuliko maoni yangu. Dawa ziendelee vilevile baada ya upasuaji. Na iwapo dada ataanza kushindwa kuzuia mkojo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri tarehe mliyopangiwa.