Wakuu naomba ushauri: mkusanyiko wa hiti unatosha kuijua bendi ya posti-panki? Nina siku tisa

Mbeba Boksi:
Wakuu habari za mida hii. Ndo nimetoka shifti ya usiku macho yanauma kwahiyo naenda moja kwa moja. Kuna bendi ya zamani ya huku Uingereza inaitwa Joy Division, watu wa Manchester, muziki wao ni aina ya roki wanaiita posti-panki. Nimenunua CD yao ya mkusanyiko, inaitwa Substance, ya mwaka 1988, ina nyimbo 17, paundi nne kwenye duka la mitumba. Naulizia hivi, mtu akiisikiliza hiyo akaimeza kabisa anaweza kukaa na mtu anayeijua hiyo bendi toka utotoni wakapiga stori na asiumbuke? Au mpaka ninunue na albamu zao? Nina siku tisa. Matusi hapana tafadhali.

Kisiki cha Mpingo:
Siku tisa za nini mkuu, una mtihani?

Dokta Sebene:
Mikusanyiko ni wizi mtupu, hilo nakwambia mapema. Baba yangu alikuwa na zile santuri ndogo za Wakongo, wimbo mmoja umekatwa mara mbili, upande wa kwanza mtu anaimba analalamika mapenzi, upande wa pili ndo sebene. Ilikuwa kazi yangu kugeuza, nakaa kabisa pembeni ya gramafoni mkono tayari maana ukichelewa wageni wanakuzomea. Sasa mwaka juzi nikamnunulia CD ya zilipendwa pale Kariakoo, aliyekusanya kaweka upande wa kwanza tu! Wimbo unaisha pale pale watu walipokuwa wanainuka kwenye viti. Mzee akasikiliza nyimbo tatu akasema zima. Bendi yako siijui ila jibu ni hapana.

Mama Mihogo:
Paundi nne ungemtumia mama yako akanywe soda. Watoto mkishafika huko mnakuwa na shida za ajabu sana.

Kanda Mbovu:
Ngoja nijibu swali maana naona linakimbiwa. Kwa hii bendi mkusanyiko una maana kuliko bendi nyingi, kwasababu singo zao kubwa, yaani nyimbo zilizouzwa mojamoja, hawakuziweka kwenye albamu. Transmission ya 1979 haimo, Atmosphere haimo, hata Love Will Tear Us Apart iliyofika namba 13 kwenye chati mwaka 1980, ukinunua albamu zote mbili huikuti. Substance ndo ilikuja kuziokota zilikotawanyika. Lakini sasa hapo hapo ndo mtego ulipo, kwenye hiyo CD yako hakuna hata rekodi moja iliyotoka kwenye albamu, She's Lost Control iliyomo humo ni toleo jingine kabisa. Kwahiyo utakuwa umeisikiliza Joy Division siku nzima na albamu yao ya kwanza, Unknown Pleasures, hujaigusa.

Na Unknown Pleasures ndo nyumba yenyewe. Nyimbo 10, dakika kama 39, imerekodiwa studio ya Strawberry, Stockport. Prodyuza Martin Hannett alimfanya mpiga ngoma apige kila ngoma peke yake, siku nzima tu-tu-tu, akarekodi mpaka mlio wa lifti ya jengo. Wapiga magitaa hawakuipenda, walitaka lile fujo lao la jukwaani. Ukiisikiliza usiku unasikia kama mtu anapiga muziki kwenye ghala ambalo halina mtu. Huo ubaridi unajengwa wimbo kwa wimbo, ukichomoa mmoja ukaupachika kati ya hiti unabaki kama samaki aliyetolewa kwenye mchuzi.

GikombaFinest:
Si hawa ndio wa ile tisheti nyeusi iko na mistari myeupe imepanda na kushuka? Hapa Gikomba ziko kibao buda, mimi nilinunua yangu mia mbili nikaipelekea mtoto wa dada.

Mbeba Boksi:
@GikombaFinest ndo hiyo hiyo, na ndo iliyoniponza. Niliinunua Karume kabla sijasafiri, nilidhani ile mistari ni milima ya Usambara. Nimevaa nimeenda kutambulishwa ukweni, Stockport, baba mkwe kunifungulia mlango tu akaiangalia akasema kumbe na wewe ni mwenzetu. Wakuu mimi nilikuwa natetemeka, nikasema ndio baba, toka sekondari. Kuanzia hapo hakuniachia mtu mwingine aongee na mimi. Mzee anawajua vibaya mno, mwenyewe anasema aliwaona laivu New York mwaka 80. Jumapili ya wiki ijayo ni birthday yake tunaenda tena. Sasa CD si inatosha jamani, mimi nabeba boksi, muda wa kusikiliza albamu zote nautoa wapi.

Kanda Mbovu:
Siyo milima. Ni mapigo ya nyota, pulsa iliyogunduliwa Cambridge mwaka 1967. Hilo ungeulizwa la kwanza.

Wakili wa Baraza:
Mleta mada kuna kitu unakificha. Mtu hahesabu siku kwa sababu ya tisheti. Ulimwambia nini kingine?

Kisiki cha Mpingo:
Nimeweka kiti hapa.

Mbeba Boksi:
Sawa nasema lakini msinirukie. Mzee aliuliza huko Afrika nilizisikia wapi. Nikaomba kwenda chooni, nikagugo fasta, nikarudi nikamwambia marehemu baba yangu alikuwa nayo santuri ya Atmosphere, ile iliyotoka Ufaransa.

Mzee akaweka kikombe chini.

Sikujua kama ilikuwa kitu kikubwa hivyo. Na siyo uongo wa kusema uongo, marehemu alikuwa baharia kweli na gramafoni alikuwa nayo, Marseille amefika, sasa nani anajua alinunua nini? Basi mzee anataka niiagize aione kwa macho. Nimeshaongea na bi mkubwa Tanga, mtu akipiga simu aseme ililiwa na mchwa. Hilo limeisha. Mimi nauliza muziki tu.

Kanda Mbovu:
Aisee. Kati ya santuri zote duniani. Ile ya Ufaransa ilitoka Machi 1980 nakala 1,578 basi, zina namba kabisa. Wakusanyaji wanaililia. Umemwambia mtu una pembe ya kifaru chini ya kitanda.

Dokta Sebene:
Mchwa wanakula plastiki tangu lini?

Mbeba Boksi:
Walikula jalada.

Mama Mihogo:
Umemuingiza mama yako mtu mzima kwenye uongo wa redio?? Na marehemu juu yake? Nenda kamwambie huyo mzee baba samahani nilikuwa na hofu. Mume wangu alipokuja kwetu alisema ana shamba la mikorosho Mtwara, baba alikaa kimya miaka sita, siku moja msibani akamuuliza mbele ya watu, korosho mwaka huu zimekwendaje. Mpaka leo wajomba wanamuita Korosho.

Kisiki cha Mpingo:
Wakuu simameni kwanza. Hii ni CHAI. Nimeenda kusoma hiyo bendi sasa hivi. Mwimbaji Ian Curtis alifariki tarehe 18 Mei 1980, ana miaka 23, kesho yake ndo walikuwa wanapanda ndege kwenda Marekani kwa mara ya kwanza. Hawakuwahi kupiga Marekani, hata siku moja. Huyo mkwe aliwaonaje New York? Mleta mada katunga, tena hajatunga vizuri. Tuletee na vitafunwa.

GikombaFinest:
Eeeh! Na mimi nilikuwa nimeanza kumuonea huruma 😂

Kanda Mbovu:
Kisiki yuko sahihi. Waliobaki ndo wakaanzisha New Order wakaenda Marekani wenyewe Septemba ile, watatu. Labda mzee aliwaona hao akachanganya. Nao wana Substance yao ya 1987, humo Temptation na Confusion walizirekodi upya halafu wakaziweka na za zamani kama hakuna kilichotokea, hiyo ndo mikusanyiko ninayoichukia mimi, unauziwa kumbukumbu iliyopakwa rangi.

Mbeba Boksi:
Naapa kwa Mungu sijatunga. Kasema Joy Division, kasema New York, kasema alisimama mbele kabisa mpaka jasho la mwimbaji likamrukia. Hata mama mkwe alikuwepo, alikuwa anaangalia dirishani.

Wakili wa Baraza:
Mzee anatimiza miaka mingapi?

Mbeba Boksi:
Kazaliwa 1966.

Wakili wa Baraza:
Miaka 14. New York. Mbele kabisa. Mleta mada wewe huna kesi, kesi anayo mkweo.

Dokta Sebene:
😂😂😂 Nimemwaga chai halisi. Mmoja kagugo chooni mwingine karukiwa na jasho la marehemu. Oa haraka kaka, huyo ni baba yako mzazi.

Mama Mihogo:
Ndo maana yule mama alikuwa anaangalia dirishani.

Kisiki cha Mpingo:
Mimi bado nasema ni chai. Weka picha ya CD.

Mbeba Boksi:
Picha nikitoka kazini. Sasa Jumapili nimuulize New York walianza na wimbo gani au ninyamaze?

Kanda Mbovu:
Nyamaza. Na tafuta Closer, albamu ya pili. Usiku ukirudi shifti weka nyimbo mbili za mwisho, The Eternal na Decades, taa zima, usishike simu. Angalau mmoja wenu Jumapili awe ameisikiliza kweli.

Mbeba Boksi:
Zimo kwenye hii CD?

Kanda Mbovu:
Hazimo.