Naomba ushauri: mgeni wa bure wa mtandaoni, nani amlishe, nani alipe, na anaondoka lini?

Mkaribishaji_Mpya:
Wakuu, habari za majukumu. Nimejisajili kwenye mtandao wa kulaza wasafiri bure na ombi la kwanza limeshaingia: wageni wawili kutoka nje, siku tatu. Maelezo ya mtandao yanasema tu kwamba mwenyeji halipwi. Hayasemi kama nalisha, natembeza au natoa ufunguo. Nyumbani tunaishi na wazee. Nipange nini kabla sijajibu?

Funguo_Mbili:
Mkuu, anza na kujua umejisajili wapi, maana mitandao hii haifanani. Servas, ulioanza 1949, humhoji msafiri na kumpa barua ya utambulisho, na kawaida yake ni kulala siku mbili. Warmshowers ni wa waendesha baiskeli: mtu anafika hoi, anataka kuoga na mahali salama pa kuweka baiskeli, matembezi baadaye. Couchsurfing, uliofunguliwa 2004, ulijengwa juu ya mazungumzo, na anayegeuza nyumba ya mtu kuwa gesti husemwa vibaya. Mgeni huja na mazoea ya mtandao aliouzoea.

Mtego uko kwenye neno "bure". Kuna anayelielewa kuwa hakuna pesa wala deni la fadhila. Huyo anakuja na chakula chake, anaosha vyombo, anachukua ufunguo na kutoka. Ukimwandalia kila mlo anahisi kubebeshwa mzigo, ataanza kukwepa kula kwako. Mwingine amelelewa kwamba mgeni ni dhima ya nyumba nzima: kumwacha atoke peke yake ni kumtelekeza, kumwonyesha friji ajihudumie ni kumdharau. Hawa wakikutana, kila mmoja anajitahidi kuwa muungwana na kila mmoja anamkera mwenzake.

Kwa hiyo andika kwenye jibu lako la kwanza: wanalala chumba gani na pamoja na nani, mlo upi mnakula pamoja (mmoja kwa siku unatosha), kama kuna ufunguo wa ziada, na kama haupo, mlango unafungwa saa ngapi. Tarehe ya kuondoka itajwe pamoja na saa. "Mkae mtakavyo" usiiandike kabisa. Sisi tuna jembe la siku ya tatu, lakini wa mbali haujui msemo huo, anakuelewa neno kwa neno. Saa nazo ziandike kwa mtindo wa 20:00. Ukimwandikia "saa 2 usiku" anaweza kukugongea saa nane za usiku.

Begi_Mgongoni:
Naongeza moja. Usimwulize mgeni "utakula?" Kuna kwao kukataa mara mbili ni adabu, anakubali ya tatu. Kuna kwao hapana ni hapana, ukirudia anaona unamlazimisha. Mpe swali la kuchagua: "Mnakula sasa au mnaoga kwanza?" Hapo hakuna wa kujiumauma.

Na wasafiri mnaosoma uzi huu: mwenyeji asiyezoea kukataa usoni atasema "hakuna shida" huku anatazama saa. Ikija baada ya kimya, ihesabu kuwa shida ipo.

Kanga_Mkononi:
Wazee waombwe ruhusa kabla, siyo kupewa taarifa begi likiwa mlangoni. Halafu waulize hao wawili waziwazi kama wanalala chumba kimoja. Kama wazee hawaafiki watu wasiooana kulala pamoja, wageni walijue hilo sasa, wakiwa bado na nafasi ya kutafuta kwingine. Kama wanalala sebuleni, taja saa ambayo watu hutoka, la sivyo mgeni atakaa anasinzia kwenye kochi hadi wa mwisho aende kulala, asithubutu kusema.

Mlango wa chumba huzua manung'uniko ya kimya kimya. Kwa wengine kuufunga ni kupumzika tu, kwa wengine ni kuisusa familia. Watahadharishe wazee mapema, na nyumba nzima ijue kubisha hodi na kusubiri jibu.

Wakifika, tumia dakika kumi kuwaonyesha nyumba kwa mkono: maji au karatasi chooni, swichi ya maji ya moto, viatu vinaachwa wapi, taka zinawekwa wapi. Kueleza kwa mdomo hakutoshi, kila mtu anaitikia tu.

Kabla ya yote hayo soma walichoandikiwa na wenyeji wengine. Sifa fupi za baridi, "walikuwa watulivu" basi, mara nyingi ni lawama iliyovishwa nguo. Mazungumzo yabaki ndani ya mtandao hadi mkubaliane, kumbukumbu ibaki.

Mkaribishaji_Mpya:
Nashukuru sana. Wakitaka kunilipa au kuleta zawadi je?

Funguo_Mbili:
Pesa ya malazi kataa. Inavunja masharti ya mitandao hii, na kisheria unaweza kuonekana unafanya biashara ya kulaza wageni. Zawadi pokea. Wewe ukiwapa kitu wakakiweka kando bila kukifungua, usinune, kuna kwao kufungua mbele ya mtoaji ni ulafi. Mkienda kula nje, nani analipa lisemwe kabla hamjatoka nyumbani. Kwenye bili ni kuchelewa: mmoja anasubiri kulipiwa kwa sababu kaalikwa, mwingine anaona kalaza bure na bado anatozwa.

Angalia pia sheria ya kwenu. Italia, kwa mfano, anayemlaza raia wa nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ndani ya saa 48, hata akiwa rafiki asiyelipa.

Begi_Mgongoni:
Wakiwa na dosari ndogo, kama bafu kuachwa limelowa, waambie siku ileile faraghani. Kuna wanaochukulia ukosoaji wa hadharani kama tusi, na watashangaa kuusoma mtandaoni wakati kwako walikuwa wakiona tabasamu tu. La usalama ndilo usilifiche: liandike hadharani, na uripoti kwa wasimamizi wa mtandao.