Mchango wa "hiari" wa zawadi ya bosi: kama ni hiari, ile orodha ya majina ni ya nini?

Mleta uzi: Kalamu Nyekundu

Wakuu, poleni na foleni.

Desemba imeingia na maofisi ya Dar, kuanzia Posta mpaka Mikocheni, yameshaanza mchezo wao wa kila mwaka. Jumatatu asubuhi linafunguliwa kundi la WhatsApp, wanaingizwa wote isipokuwa bosi mwenyewe. Kabla ya saa sita ujumbe umeshatua: "Ndugu zangu, kama ilivyo desturi yetu, tumshike mkono kiongozi wetu msimu huu. Mchango ni hiari, kiwango 30,000, mwisho Ijumaa. Tuma na ya kutolea." Chini yake majina yote yamepangwa kwa namba, na matatu ya juu yana tiki ya kijani. Hayo matatu ni ya kamati, na mara nyingi hata hawajatoa bado.

Hiari yenye kiwango. Hiari yenye tarehe ya mwisho. Hiari yenye namba na jina la mtu ambaye hajafungua mdomo kusema atachanga.

Fimbo yenyewe ni ile orodha. Kila anayelipa anainakili, anaweka tiki, anairudisha kundini. Ikifika Alhamisi imezunguka mara ishirini, na macho ya watu hayako tena kwenye tiki, yako kwenye matundu. Hakuna anayetukanwa wala anayefuatwa mezani. Jina lako tu linabaki uchi, na kila mtu anajua kuna mtu ndani ya kundi atampelekea bosi picha ya skrini. Chawa, yaani watu wa kujipendekeza, hawajawahi kukosekana kwenye ofisi yoyote.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Kiwango hakipangwi kwa kuangalia uwezo wa mtoaji. Kamati inaanza na zawadi: saa, au simu, au kapu kubwa la maduka ya Masaki, tuseme la milioni moja. Inagawa kwa wafanyakazi 34, inapata 29,000 na ushee, inafunga 30,000. Dereva 30,000, meneja masoko 30,000, binti wa mapokezi 30,000.

Chukua mtu wa mshahara ghafi wa 700,000 mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. NSSF, ya akiba ya uzeeni, asilimia 10, imeondoka 70,000. Zinabaki 630,000 za kukatwa kodi: 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, jumla 42,000. Bodi inachukua asilimia 15, yaani 105,000. Mkononi 483,000. Gawa kwa siku 26 za kazi, haifiki hata 19,000 kwa siku. Kwa hiyo huyu bwana anaombwa ampe bosi wake kazi ya siku moja na nusu na zaidi. Na mshahara wa Desemba kwa kawaida unawahi kutoka, kwa hiyo lazima uvutwe mpaka mwisho wa Januari ukipita kwenye ada, sare, madaftari, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Mengine nayataja haraka. Wanafunzi wa fildi ambao hawalipwi hata nauli nao wamo kwenye orodha. Wafanya usafi na walinzi walioletwa na kampuni nyingine nao wamo, wakati bosi anayepewa zawadi siye anayewalipa. Na Waislamu wanachangishwa Krismasi wakati Idi ilipita kimya kama Jumanne ya kawaida.

Halafu cha kuchekesha: Boksingi Dei yenyewe, hiyo tarehe 26 tunayopumzika, Waingereza waliifanya siku ya matajiri kuwapa watumishi wao masanduku ya zawadi. Kutoka juu kwenda chini. Hata hapa kwetu desturi inayojulikana ni mwajiri kutoa mchele, mafuta na kuku. Nani aliyegeuza bomba?

Karibuni. Ila anayekuja na "ni upendo tu" aje na sababu ya orodha.

---

Mzee wa Tabata

Mkuu unakuza mambo. Sisi ni watu wa kuchangiana. Misiba tunachanga, harusi tunachanga, send-ofu tunachanga, na kote huko kuna kiwango na kuna orodha. Kwa bosi tu ndiyo inakuwa dhambi?

---

Kalamu Nyekundu

Mzee, shikamoo. Harusini kuna daftari kwa sababu kesho na wewe utaozesha, na yule uliyemchangia atafungua daftari lake aone anadaiwa nini kwako. Msibani vilevile, leo kwangu kesho kwako. Hela inazunguka. Mchango wa bosi hauzunguki. Niambie ni mwaka gani bosi aliingizwa kwenye kundi la kumchangia dereva 30,000 kwa sababu ni Krismasi.

Halafu usiyempa harusini hana uwezo wa kukujazia tathmini ya kazi mwezi unaofuata.

---

Mzee wa Tabata

Marahaba. Hapo kwenye tathmini nimekuelewa. Lakini kadi na keki je?

---

Debiti na Krediti

Mleta uzi umesema kweli ila umeacha sehemu chafu zaidi, kwa hiyo niongeze kwa upande wa vitabu.

Kati ya watu 34 hawalipi wote. Tuseme saba hawajatoa. Zimeingia 810,000 na zawadi imeshawekewa oda. Kamati ina njia tatu. Ya kwanza, kununua kitu cha bei ndogo, lakini hawataki aibu. Ya pili, raundi ya pili: "wapendwa tuongeze kidogo kidogo", wanaobeba ni walewale waliotoa. Ya tatu ndiyo inayozaa balaa: mtu anamfuata mhasibu, wanachota 210,000 kwenye fedha ndogondogo za ofisi kwa ahadi ya kurudisha.

Januari mhasibu anafunga vitabu na ana tundu. Hawezi kuliandika ustawi wa wafanyakazi kwa sababu hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kampuni. Zawadi ilinunuliwa na mtu binafsi, mara nyingi Kariakoo kwa bei ya mdomo. Mkaguzi hatalipitisha. Kwa hiyo linageuzwa kuwa advansi ya mshahara ya wale saba, elfu 30 kila mmoja, linakatwa juu kwa juu. Kwenye slipu linakaa kwenye mstari wa "makato mengineyo" au "ADV". Wengi hawasomi slipu, wanaangalia ujumbe wa benki tu, wanadhani kodi imepanda.

Soma slipu yako ya Januari mstari kwa mstari. Jumlisha kodi, NSSF, Bodi na chama cha wafanyakazi. Kikizidi kitu, andika barua pepe siku hiyohiyo uulize ni advansi ya tarehe ngapi na iliombwa kwa fomu ipi. Advansi isiyo na fomu yenye saini yako haina miguu.

---

Kifungu 28

Naendelea hapo alipoishia Debiti na Krediti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa: kinachotakiwa au kuruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya kima cha mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi, na hapo ni kwa ajili ya deni. Mchango wa zawadi si deni. Ndiyo maana wajanja wanauvika jina la advansi, ili uonekane deni. Kwa hiyo usisaini karatasi yoyote Januari inayosema "nathibitisha kupokea advansi", hata ukiambiwa ni kuweka kumbukumbu sawa.

Ukikatwa: barua kwa mwajiri kwanza, nakala kwa tawi la chama kama mnalo. Akikaa kimya, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza fomu namba 1, unampelekea mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo unaisajili. Muda ni siku 60 tangu mgogoro kuanza. Watu wanachanganya na siku 30, hizo ni za kuachishwa kazi. Najua hakuna atakayekwenda CMA kwa elfu 30. Ila barua inayotaja kifungu cha 28 hurudisha hela haraka kuliko kununa.

Kwa watumishi wa umma mambo ni mazito zaidi. Mkuu wenu akiwa miongoni mwa viongozi wanaobanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995, zawadi ina masharti yake na ikivuka thamani iliyowekwa inatolewa tamko. Na zawadi inayotolewa ili mtu apate upendeleo wa kikazi inaingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007. Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure.

---

Bint Temeke

Hata Marekani watumishi wa serikali kuu wamekatazwa kumpa zawadi mkubwa wao wa kazi. Kwa sikukuu wameachiwa kitu kisichozidi thamani ya dola 10, na isiwe fedha taslimu. Sisi huku saa ya milioni.

---

Nimekaa Pale

Ngoja nisome comenti za makamati.

---

Mama Oda

Mimi si adui wa zawadi, nazipanga, kwa hiyo nieleze namna isiyoumiza mtu. Mzee wa Tabata na keki yako, soma hapa.

Anza na hela, kisha zawadi. Usiagize kitu kabla ya kuhesabu. Weka kikomo cha juu, usiweke kiwango. Andika "isizidi 5,000". Mkiandika "kuanzia 5,000" mmeshaharibu, watu watashindana.

Usitumie namba ya simu ya mtu. Kwanza kila muamala unakuja na jina, kwa hiyo aliyekusanya anajua nani katoa nini. Pili hela inachanganyika na yake, akinunua umeme kwa bahati mbaya hesabu imevurugika. Akaunti za vikundi za kwenye simu, zile za vikoba, nazo hazifai hapa. Zimetengenezwa ili kila mwanachama aone cha mwenzake, na hapa tunataka kinyume.

Tumia bahasha. Nunua za aina moja, ndogo za kahawia, kwa idadi ya watu. Kila mtu anapewa yake, anairudisha imefungwa kwenye boksi lenye tundu, ikiwa na hela au ikiwa tupu. Kila bahasha lazima irudi, vinginevyo zisizorudi zinakuwa orodha mpya. Noti tu, sarafu zinalia. Boksi likae siku mbili sehemu ambayo haina mtu wala kamera inayoliangalia. Linafunguliwa na watu wawili wa idara tofauti, wanahesabu jumla, wanachana bahasha palepale. Kundini inatangazwa jumla peke yake.

Zikipatikana 60,000, nunua keki na kadi kubwa. Kadi isainiwe na wote, wasio na kitu nao. Keki ikatwe ofisini saa nne wakati wa chai, na bosi ale kipande kama wengine. Risiti ibandikwe ubaoni.

Wa fildi, usafi na walinzi wasipewe bahasha. Keki wapewe.

---

Mzee wa Tabata

Hiyo ya sarafu kulia umenimaliza. Naiunga mkono.

---

Debiti na Krediti

Mama Oda safi. Niongeze: mabosi wenyewe wanaweza kuua huu mchezo kwa ujumbe mmoja. Usitumwe tarehe 20 hela zikiwa zimeshakusanywa. Utumwe wiki ya kwanza ya Desemba, kwa wote, kwa maandishi: "Kwa sikukuu hizi sipokei zawadi iliyochangwa. Aliyekwisha kuombwa mchango arudishiwe. Salamu zenu zinanitosha." Ile sentensi ya kati ndiyo yenye kazi. Bosi anayesema tu "jamani msijisumbue" anaeleweka kwamba anaona haya, na kamati inaongeza dau.

Na kama kapu limeshafika mezani kwake, alifungue palepale chai inapoandaliwa. Biskuti na juisi haziwezi kwenda nyumbani na mtu mmoja zikiwa zimeshaliwa na ofisi.

---

Kalamu Nyekundu

Swali kwa Mama Oda na wahasibu. Kuna makundi ambayo muda huu hela ziko tayari kwenye simu ya mweka hazina na watu wameshaanza kusoma huu uzi. Inarudishwaje bila vita?

---

Mama Oda

Mweka hazina aombe taarifa ya miamala ya namba yake tangu siku kundi lilipofunguliwa. Asirudishe kwa kufuata orodha ya WhatsApp, humo kuna tiki za watu ambao hawajatoa. Afuate taarifa ya mtandao tu, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi, kila mtu kwa namba aliyotumia. Waliotoa mkononi warudishiwe mkononi mbele ya mtu wa pili. Orodha ifutwe na kundi lifungwe.

Na arudishe pamoja na ile ya kutolea.